Kiwewe na Kicheko cha Ukumbini

Kabla ya kutengeneza filamu za kutisha alikuwa fundi makochi. Sponji, misumari midogo, gundi ya kumpa mtu kizunguzungu, na redio isiyo na kifuniko. Jina la Kiwewe alipachikwa baada ya filamu yake ya kwanza, na waliompachika walikuwa wakimkebehi, maana siku ile hakuna aliyeshikwa na kiwewe isipokuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa sinema wenye viti vyekundu ambavyo yeye ndiye aliyevivisha kitambaa upya. Mwenye ukumbi alimpa nafasi kama ahsante ya kazi ile. Filamu ilikuwa ya maiti inayorudi nyumbani kudai kitanda chake. Maiti ilipofungua mlango, mtu mmoja wa nyuma akasema, "Mpisheni jamani, kachelewa kazini!" Basi ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Kila maiti ilipopiga hatua, walicheka upya, na Kiwewe alikaa kiti cha mbele, mikono kaibana katikati ya mapaja, akasikiliza saa nzima.

Wakati wa kutoka, mwenye ukumbi alimpiga begani. "Fundi, kumbe mchekeshaji! Ukipata nyingine kama hii niletee."

"Nitaleta," Kiwewe akasema. "Ila siku hiyo humu ndani hatacheka mtu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai. Neno hilo likamkaa rohoni miaka kumi na tisa.

Alikwenda zake kufikiri, akaona kosa liko wapi: watu walicheka kwa sababu waigizaji waliigiza hofu. Tangu hapo hakumwonyesha mtu mswada. Aliandika kwa penseli juu ya meza ileile ya kukatia vitambaa, na kurasa akazificha chini ya sponji. Mwigizaji aliambiwa atafungua kabati. Ndani ya kabati mna nini, alijua Kiwewe peke yake. Akaweka na sheria moja. Kamera ikishawaka, hasogei mtu, hasemi mtu, hasaidiwi mtu, mpaka lisemwe neno "Kata". Na neno hilo lilikuwa lake.

"Ukilia, unalia ndani ya filamu," aliwaambia. "Ukianguka, unaanguka ndani ya filamu. Wa kukutoa humo ni mimi."

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiogopa vyura tangu utotoni, alilazwa kwenye kitanda chenye vyura thelathini chini ya shuka. Hawajasemezana tena mpaka leo. Muuza nyama mmoja mnene aliyekuwa akicheza maiti, wakamwita Bwana Maiti, alipigiliwa misumari ndani ya sanduku lenye barafu. Akatoka midomo ya bluu, meno yanagongana.

"Kiwewe," alisema akiwa amefunikwa mablanketi mawili, "mimi siku nikifa kweli nitashukuru. Nitakuwa likizo."

Walicheka wote, hata Kiwewe. Bwana Maiti alirudi kesho yake. Ndivyo watu tulivyo, tunamzoea hata anayetuumiza, tukaona ndiyo kazi.

Mkewe alikuwa mpakaji nyuso. Alikuwa na mkono mwepesi: kwa unga, gundi na rangi ya keki alikutengenezea kidonda ukakaribia kukimbilia hospitali. Wenzake wa kazini walimwita Shemeji. Mwaka wa nne wa ndoa yao, filamu ya pili ilifika kwenye bibi harusi aliyefungiwa kabatini, na msichana wa kuicheza nafasi ile, aliyesikia habari za vyura, hakutokea.

"Mke wangu, ingia wewe," Kiwewe akasema. "Dakika mbili tu."

"Na hali hii?" Alikuwa na mimba ya miezi minne, na mumewe alijua; aliambiwa kwenye meza ileile ya vitambaa, akamwinua mkewe juu kwa furaha. "Umeweka nini humo ndani?"

"Hamna kitu. Kwa nini nikudanganye wewe?"

Kumbe alikuwa ameweka panya, gunia zima, mdomo wa gunia umelegezwa. Mlango ulipofungwa, sauti iliyotoka humo haikuwa ya kuigiza. Mkewe alipiga mbao kwa viganja, kisha kwa magoti. "Fungua! Mume wangu, mtoto! Mtoto!" Mpiga picha, kijana aliyekuwa naye tangu mwanzo, aligeuza uso kumtazama bosi wake. Kiwewe akainua kidole: subiri. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Aliposema "Kata" zilikuwa zimepita dakika nne. Mkewe alikutwa ameketi chini, kimya, gauni jeupe limelowa damu ambayo yeye hakuichanganya.

Siku ya pili Kiwewe alikwenda hospitali na machungwa. Akavuta kiti. "Nimeitazama ile sehemu," akasema, na macho yalikuwa yanamng'aa, maskini, hakuweza kuyazuia. "Ni nzuri mno."

Mkewe akageukia ukuta.

Mtoto mwingine hawakupata. Watu walisema mama yule ataondoka tu, lakini hakuondoka. Alirudi kwenye vikopo vyake vya rangi. Filamu ilipoonyeshwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la kinyozi, watu walicheka mwanzo na walicheka mwisho, ila kwenye kabati walinyamaza dakika nne kamili. Kiwewe aliingia nyumbani anakaribia kuruka. "Walinyamaza! Mke wangu, walinyamaza!"

"Nimesikia," mkewe akasema. Akaendelea kusuuza brashi.

Ikawa filamu ya tatu, ya saba, ya kumi na mbili. Watu walizinunua, walizipenda hata, lakini walizipenda kwa kucheka. Wenye harusi walizionyesha kuchangamsha wageni. Mwenye ukumbi hakumfungulia tena mlango, mpaka siku moja akaja mwenyewe kwenye karakana ya makochi, mzee sasa, mkongojo mkononi.

"Ukumbi umeuzwa, fundi. Wanaugeuza ghala la saruji. Nimebakiwa na Jumamosi moja. Bado unataka wasicheke?"

Kiwewe alipiga msumari uliokuwa mkononi, ukaingia wote. "Nataka."

Akaamua kurudi kwenye maiti ya kitanda, hadithi ileile iliyomchekesha kila mtu. Bwana Maiti akakataa. Magoti hayainuki tena sandukuni. "Basi nalala mwenyewe," Kiwewe akasema. Saa nne asubuhi wakaziba madirisha ya karakana kwa mablanketi. Mkewe akampaka kijivu usoni, akamtia weusi chini ya macho. Kiwewe akawapanga watu wake. "Nitakaa kimya, nitafumbua macho, nitainuka. Sheria mnaijua. Hata paa likianguka, mpaka niseme."

Kamera ikawaka. Akalala. Akafumbua macho. Akataka kuinuka, na mkono wa kulia haukuja.

Mwanzo alidhani ameulalia. Kisha mguu nao ukamwacha, na upande mmoja wa mdomo ukateremka kama kitambaa kilichong'oka kochini. Kichwani kitu kilikuwa kinapasuka polepole. Akataka kusema neno lake. Ulimi ukajaa mdomoni kama sponji. Mguu wa kushoto, uliobaki wake, ukaanza kupiga ubao wa sanduku: ko, ko, ko.

Mpiga picha akasogeza kamera karibu. Nyuma yake mtu akanong'ona, "Leo kajipita," na mwingine akamnyamazisha, maana sheria ni sheria. Kiwewe akazungusha macho akamwona mkewe amesimama pembeni ya taa, sifongo ya poda mkononi. Yule mwanamke alikuwa ameupaka uso ule miaka mingi. Alijua kila mkunjo wake. Alitazama jasho linavyoiosha rangi yake, akatazama mdomo, akatazama mguu. Kiwewe akaona amejua. Akaona pia midomo ya mkewe inacheza kidogo, polepole, nambari baada ya nambari.

Baada ya dakika kumi na moja betri ikaisha, kamera ikajizima yenyewe, na hapo tu ndipo watu wakasogea.

Daktari alisema wangemleta mapema kidogo maneno yangerudi. Hayakurudi. Alipokuwa kitandani, mkewe alimletea machungwa, akavuta kiti, akamenya moja taratibu. "Nilijua," akasema. "Usijisumbue kujiuliza."

Kilichowashangaza wote kilitokea wakati wa kuunganisha picha. Mpiga picha alitaka kuitupa sehemu ile. Kiwewe, kwenye kiti chake cha magurudumu, akagonga meza kwa mkono wa kushoto mpaka kikombe kikaanguka.

"Anataka ibaki," mkewe akasema. "Yote."

"Shemeji, huyu mtu alikuwa anakufa!"

"Ndiyo maana anaitaka."

Na kweli aliitaka. Maisha yake yote alitafuta hofu isiyoigizwa, akaja kuikuta usoni pake mwenyewe. Alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka jicho moja.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, watu walikaa hata kwenye ngazi. Mpiga picha alipanda chumba cha juu kuendesha filamu, akamwambia Shemeji, "Mambo yakiharibika inua mkono tu, nazima." Kiti cha magurudumu kikawekwa mbele kabisa. Nusu saa nzima watu walitazama kimya. Kiwewe alisikia kimya kile kwa ngozi. Kisha likaja sanduku. Maiti ikafumbua macho. Mdomo ukaanza kwenda upande, mguu ukaanza: ko, ko, ko.

Mtu akakohoa. Halafu sauti ya nyuma: "Jamani, maiti ina kwikwi!"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka wakapiga viti, viti vile vyekundu alivyovishona. Wakaanza kuufuatisha mguu kwa viatu vyao, ukumbi mzima, ko, ko, ko.

Kiwewe akamgeukia mkewe. Akakusanya nguvu zote zilizobaki. "Ka," akasema. "Ka... ka..."

Mkewe akainama, akamtegea sikio kwa adabu. "Unasemaje, mume wangu?"

"Ka..."

Mwanamke mmoja wa kiti cha pili aliuona ule mdomo uliokwenda upande, akamgusa mwenzake. "Tazama, hata mwenyewe kavunjika mbavu!"

Mkewe akatoa sifongo ya poda mkobani, akamfuta mate kidevuni kwa mkono wake mwepesi, akairudisha. Mikono yote miwili akailaza mapajani. Akatazama saa.

"Vumilia," akamwambia. "Bado dakika saba."