Siri Aliyoibeba Espe Hadi Thailand

Ninaikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo mvua ikipiga dirisha kwa kishindo hunirudia. Nilikuwa kisiwani, kusini mwa Thailand, nimeketi kando ya kitanda cha rafiki yangu. Bahari ilikuwa imechafuka, hakuna chombo kilichothubutu kuvuka. Rafiki yangu alikuwa anapumua kama mtu aliyewekewa gunia la saruji kifuani. Na mimi sikujua anaumwa nini.

Juzi ulipokuja kwangu hapa Euless, Texas, ukanionyesha kwenye simu hoteli na fuo mnazokwenda wewe na wenzako, uliona nimenyamaza. Ukadhani shangazi yako hapendi ufurahi. Sivyo. Aisifuye mvua imemnyea. Nchi hiyo naijua kwa uzuri wake, na naijua pia kwa siku mbili tatu ambazo sijawahi kukusimulia. Leo nitakusimulia, kabla hujafunga begi.

Tulikuwa wasichana watatu. Mueni, Mkamba wa Machakos, alifanya kazi ya kompyuta Dallas, na ndiye aliyepanga kila kitu, tiketi, vyumba, hata saa ya kuamka. Sisi tulimwita meneja. Wa pili alikuwa Esperance, Mkongo wa Uvira, ambaye sote tulimwita Espe. Yeye na watu wa kwao walikimbia vita, wakakaa kambini miaka mingi, kisha yeye na mama yake wakaletwa Houston. Waliishi mtaa wa Alief, na Espe alikuwa akipanga mizigo kwenye ghala. Mimi nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba ya wazee huku nikisomea uuguzi. Tulijuana kwenye mkutano wa kwaya za makanisa ya Kiswahili. Tangu hapo, mwezi haukuisha kabla Mueni na mimi hatujashuka Houston kwa gari, au Espe hajapanda kuja kwetu. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, tunavaliana nguo. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia namjua Espe kuliko ninavyowajua ndugu zangu.

Bangkok ilitupokea kwa joto la kukufanya uhisi umefunikwa blanketi lililoloweshwa maji. Tulipanda mashua za mtoni, tukatembea kwenye mahekalu yenye paa zinazometameta, tukala barabarani mpaka Mueni akaogopa suruali zake zitambana. Kulikuwa na mama mmoja aliyetwanga papai bichi na pilipili kwenye kinu, na Espe alipousikia mlio wa mchi alisimama, akasema hivyo ndivyo mama yake anavyotwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alikuwa na furaha siku zile. Nataka ulijue hilo.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo. Espe hakuwa akiiachia chupa yake ya maji. Kila penye ngazi aliketi chini na kusema atatulindia viatu. Weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano kidogo, lakini ulikuwa hivyo tangu tumjue, nasi tukadhani ndivyo alivyoumbwa. Tulipofika Chiang Mai, mji wa milimani, palikuwa na hekalu lenye ngazi ndefu kupita kiasi. Mueni alimtania kwamba amekuwa ajuza kabla ya kuolewa. Espe alicheka, akatuambia tupande tu, yeye anataka kutazama hereni. Tukapanda. Tulipoteremka alikuwa amenunua hereni kweli, kila mmoja wetu na zake.

Kisha tukashuka kusini, kwenye kisiwa. Mchana mmoja tulichukua boti kwenda kutazama samaki wa rangi rangi, na tukiwa huko mvua ikatukuta. Tulirudi tumelowa chapachapa, upepo unatupuliza njia nzima, na Espe alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana. Jioni alisema mifupa inamuuma, akameza vidonge, akajifunika. Mueni akasema ni uchovu. Mimi nikakubali, maana mtu huamini linalomruhusu kuendelea na likizo yake.

Asubuhi ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Mueni alikuwa ametoka kutafuta chai. Espe alikuwa amejikunja kama mtoto, jasho linamtoka, mwili moto. Nilipomgusa mguu alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine, na nimefanya kazi wodini miaka mingi. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

"Trufena," aliniita, "funga mlango kwanza."

Nikafunga.

"Miye niko SS. Tangu kuzaliwa. Usimwambie Mueni. Usimwambie mutu."

Mwanangu, nilijua maana yake papo hapo. Mimi ni mtu wa Kakamega. Kwetu ugonjwa huo, selimundu, si hadithi. Chembe za damu hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi, zikaziba mishipa, na pale zilipoziba damu haifiki, ndipo maumivu yanapoanza. Jirani yetu alikuwa na watoto wawili wenye ugonjwa huo. Sikumaliza shule ya msingi kabla wote wawili hawajazikwa. Na darasani nilikuwa nimeshafundishwa kwamba maumivu yakifika kifuani, na pumzi ikawa fupi, basi saa ni chache.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akafumba macho. "Nilitaka mara moja tu nitembee sawa na ninyi," akasema.

Nikamwahidi sitasema, nikatoka mbio kumtafuta mwenye nyumba ya wageni. Mama yule hakujua Kiswahili wala Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini uso wangu aliuelewa. Alileta gari lake dogo la mizigo, tukamlaza Espe nyuma juu ya godoro, tukashikilia turubai juu yake mvua isimpige, mpaka kwenye zahanati ya kisiwa. Mueni alikuwa amerudi, anauliza nini, nini, na mimi namjibu kwamba sijui, maana niliahidi.

Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja wa kike, mtulivu, mwenye mikono ya haraka. Alimwekea Espe hewa ya oksijeni, akaanza kutuuliza sisi kwa Kiingereza, maana Espe hakuwa na pumzi ya kujibu. Jina lake kamili? Mueni na mimi tukatazamana. Tulijua Espe, basi. Ilibidi pasipoti ndiyo itujulishe kwamba rafiki yetu ana majina mengine mawili ambayo hatukuwahi kuyatamka. Ndugu yake wa karibu? Tulijua yupo mama Alief. Namba yake hatuna, na simu ya Espe ilikuwa imefungwa kwa alama za siri. Dawa gani zinamdhuru? Hatujui. Kila swali lilitupita kama basi lisilosimama.

Kisha akauliza la mwisho. Ana ugonjwa wowote wa damu?

Espe alikuwa ameshika mkono wangu. Chini ya kile kifuniko cha oksijeni alitikisa kichwa, polepole, hapana. Alikuwa ananiambia mimi, si muuguzi. Macho yake yalikuwa yananisihi. Mwanangu, nimeogopa mara nyingi maishani. Nimeogopa kimbunga, nimeogopa polisi, nimeogopa matokeo ya mtihani. Lakini hofu ya kuchagua kati ya ahadi ya rafiki na pumzi yake, hiyo ilikuwa ya namna nyingine. Nilijua nikisema, huenda asinisamehe. Na nilijua muuguzi asipojua, atatibu homa huku mapafu yanafungwa.

Nikasema. Nikalitaja jina la ugonjwa mara mbili ili lisipotee katika lugha.

Mkono wa Espe ukauachia wangu. Akageuza uso ukutani. Nyuma yangu nilimsikia Mueni akianza kulia kwa sauti ya chini.

Muuguzi alibadilika pale pale. Aliongeza maji ya mshipani, akapiga simu ng'ambo, bara, kwenye hospitali kubwa. Wakamwambia mgonjwa anahitaji damu, na damu kisiwani haipo. Lakini bendera nyekundu ya kuzuia vyombo ilikuwa bado inapepea gatini, mawimbi yanapanda juu ya mbao. Tukangoja. Sijui kama unajua kungoja kwa namna hiyo, ambapo unaisikia kila pumzi ya mtu na unaogopa kwamba inayofuata haitakuja. Mueni, meneja wetu, hakuwa na mpango tena. Alikaa sakafuni akiukumbatia mkoba wa Espe, akinong'ona zaburi kwa Kikamba.

Mchana upepo ulipungua kidogo. Si kwamba bahari ilitulia, ilichoka tu. Walikuja wanaume wa boti ya uokoaji, wakamfunga Espe kwenye machela, muuguzi akaingia naye, na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja zaidi. Nikaingia. Sijui kuogelea hata leo. Boti ilipanda wimbi na kuanguka upande wa pili kwa kishindo, na kila ilipoanguka Espe alipiga kelele, kisha baadaye hakupiga tena. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha zaidi. Nilimwinamia sikioni nikamwimbia ule wimbo wa sauti ya pili ambao yeye ndiye aliyenifundisha kwenye kwaya, na sauti yangu ilikuwa inapotea kwenye mngurumo wa injini. Sikujua kama ananisikia. Nilikuwa naimba ili nijue mimi mwenyewe ningali hai.

Ng'ambo walikuwa wanatungoja na gari. Walimtia wodini, mlango ukafungwa. Mueni alipofika na boti ya baadaye, alikuwa amefanikiwa kumpata mchungaji wa Houston, na mchungaji akatupa namba ya mama. Mimi ndiye niliyepiga. Nilimweleza Mama Esperance kila kitu. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama madaktari wameambiwa. Nikasema ndiyo, mama, nimewaambia mimi. Akasema, "Asante, mwanangu," simu ikakatika.

Walimwongezea damu. Siku ya kwanza hawakutuahidi kitu. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu nilipoingia alikuwa ameketi, uso umesawijika, midomo mikavu. Hakunisalimu. Aliniomba maji tu. Nikampa, akanywa. Tulikaa hivyo, na polepole mkono wake ukarudi kwenye wangu.

Sasa nifikie lile neno ambalo ndilo limenifanya nikuite. Tuliporudi Texas, Mama Esperance alituita Alief. Tulikwenda tukijipongeza moyoni, tukitarajia shukrani. Alitupikia fufu na sombe na samaki, akatungoja tule, tunawe, tuketi vizuri. Ndipo akatuuliza.

"Mulikuwa munakula naye, munalala naye, munaimba naye. Na hamukuona?"

Mueni akaanza kusema kwamba Espe alificha. Mama akainua mkono.

"Alificha, ndiyo. Lakini aliketi chini ya kila ngazi, na hakuna aliyeketi naye kumuuliza. Mulimucheka. Mutu akichekwa, anajifunika zaidi."

Tuliinamisha vichwa. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia. Kule kambini, dada mkubwa wa Espe alikuwa amechumbiwa. Watu wa mume waliposikia kwamba nyumba ile ina mtoto mgonjwa wa damu, walirudi kimya kimya na posa yao. Tangu siku ile mama alimfundisha Espe kufunga mdomo. Alimwambia ugonjwa huu ni wa ndani ya nyumba, usivuke kizingiti.

"Ni miye nilimufundisha kuficha," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikatika. "Nilifikiri ninamulinda. Kidogo tu nimuzike kwa kumulinda."

Espe alikuwa jikoni, amesimama mlangoni, anasikia yote. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake. Mueni na mimi tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi za lile jengo la nyumba za kupanga.

Espe yupo, mwanangu. Ni yule Mama Gloria unayemwona kwenye sherehe zetu, anayetembea kwa kuchechemea, ambaye hukufanya ucheke hadi machozi. Nyonga yake iliharibika na ikabidi abadilishiwe. Aliolewa na mtu aliyeambiwa habari zote siku ya kwanza, akapima damu yake kabla ya kuleta posa. Jana nilimpigia kuomba ruhusa ya kukusimulia. Akasema nisimulie, na nisilifiche jina lake.

Basi sikia. Mimi sikukatazi kusafiri. Nenda ukaone mito na milima ya watu, ukale, ukacheke. Lakini Waswahili walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama una pumu, kama una kifafa, kama kuna dawa unayoimeza chooni ili wenzako wasione, chagua mmoja kati yao umwambie kabla hamjapanda ndege. Aibu haiui, kimya huua. Na wale wenzako pia, uyajue majina yao yote, ujue nani apigiwe simu nyumbani kwao. Mmoja wao akichoka kuliko wengine, usipande ngazi ukamwacha. Keti naye. Muulize taratibu, bila kicheko. Na siku rafiki yako atakapokushika mkono na kukusihi unyamaze, huku pumzi yake inaisha, sema. Akikasirika, akasirike akiwa hai.

Mungu wa bibi zako akutangulie angani na majini. Akupe marafiki wenye macho ya kuona, na akupe wewe ulimi usioogopa. Uende salama, mwanangu, urudi salama, na wote mtakaoondoka pamoja mrudi pamoja.