Samaki Walioogelea Sebuleni

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku samaki walipoogelea sebuleni kwetu, huku juu Lushoto, ambako maji mengi tunayoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia kabichi. Nakuita mwanangu na bado niko kidato cha tatu, usinicheke. Nayaandika yakiwa mabichi, maana nikisubiri nizeeke nitayatia chumvi kama wazee wote.

Baba mdogo Zuberi aliacha bustani akashuka bondeni kuvua perege katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Watu walimcheka. Msambaa na mtumbwi wapi na wapi? Lakini alijifunza, akaiweza kazi. Kilichomshinda ni visiki. Maji ya bwawa yalizamisha miti, na mti uliozama hauna adabu. Ulimchania wavu mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki na wavu mmoja tu mzima. Akaapa mbele ya bibi kwamba huo nao ukichanika, anauza mtumbwi na kurudi kwenye jembe.

Ndipo akasikia habari za mashine ya kutafutia samaki, ile inayokuonyesha kilichomo chini ya mtumbwi. Mwenye duka la betri na sola kule Mombo alikuwa nazo mbili. Moja kubwa, kioo cha rangi. Nyingine ndogo, ya kijivu, bei yake ya chini, imekaa kama redio ya marehemu babu. Kwa kuwa wanafahamiana, akampa zote mbili azijaribu majini, asiyoitaka airudishe bila mkwaruzo.

Baba mdogo hakuweza kungoja maji. Alipanda nazo nyumbani, akaiweka ile kubwa mezani, akaiunga kwenye betri ya sola, akabonyeza. Wallahi, samaki wakaanza kupita! Wa njano, wa kijani, wadogo kwa wakubwa. Majirani wakajaa mlangoni.

"Mnamwona huyo? Huyo mkubwa huyo!" Baba mdogo alikuwa amesimama kabisa.

"Kambale hamna humo?" akauliza jirani yetu Mzee Shekiondo. "Mimi perege ana miba sana."

Bibi alikuwa mkekani anachagua mapeasi. Hapa nikwambie ukweli wa kwetu, mwanangu. Huku tunapopanga matunda kwenye tenga, yaliyopondeka yanakaa chini, mazuri yanakaa juu kumkonyeza mnunuzi wa Dar. Sisi wenyewe ndio mafundi wa jambo hilo. Kwa hiyo bibi akienda kununua kitu cha tenga, anamimina lote chini kwanza, hata muuzaji akimtukana.

"Zuberi," akasema bila kuinua macho.

"Naam, mama."

"Hao samaki wako ndani ya nini?"

"Ndani ya mashine, mama."

"Na maji yako wapi?"

Baba mdogo akakitazama kile kidude cha kuzamishwa majini. Kilikuwa bado kimefungwa ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Hawa wanavuta hewa tu," akasema Mzee Shekiondo. "Hewa ya Lushoto si mnajua ilivyo safi."

Watu wakacheka mpaka mlango ukatikisika. Baba mdogo naye akacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo. "Hayo ni maonyesho, mama. Si unajua, kizuri chajiuza."

"Hata peasi la juu ya tenga ni maonyesho. Mimina tenga, baba."

Hakumsikia. Moyo wake ulishakwenda na zile rangi.

Sasa mimi nilikuwa nimepewa kitabu cha mashine nisome, kwa kuwa ni cha Kiingereza. Na nilikuwa nimekutana na maneno fulani humo: kwamba ile michoro ya samaki mashine inabahatisha tu. Chochote kinachoning'inia majini, hata tawi, inaweza kukichora samaki. Nilisoma mara ya pili nikajiona nimeelewa sawasawa. Nikafunga kitabu, nikanyamaza. Watu walikuwa wengi, baba mdogo ana furaha, na mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza swali natazama viatu.

Jikoni, tukimenya viazi, bibi akaniambia, "Nimekuona unameza mate pale. Umesoma nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanisifu. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo unajua chini kuna peasi bovu, na umenyamaza."

"Ndiyo, bibi."

"Basi hilo tenga umelipanga wewe."

Mwanangu, nimeshachapwa shuleni, lakini hakuna fimbo iliyowahi kunifikia mahali neno lile liliponifikia. Nikanawa mikono, nikatoka uani.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Ya tatu hiyo tangu asubuhi. Haya, sema."

Nikasema. Niliyasema yote, mpaka la tawi. Akakuna kidevu. Mwisho akasema, "Jumamosi unashuka na mimi. Na hicho kitabu chako ukibebe."

Pale bwawani kuna kisiki kimoja baba mdogo anakijua. Amekifungia dumu tupu la njano lielee juu yake kama alama, na amekipa jina la Mkwe, kwa jinsi kilivyomla mali. Tukapita juu yake na ile mashine kubwa. Kioo kikajaa samaki, kundi zima, na mvuvi mwenzake baba mdogo mle mtumbwini akawa tayari ameshashika ule wavu wa mwisho autupe.

Baba mdogo akamdaka mkono. "Acha! Huyo ni Mkwe."

Nikaona jasho kwenye shingo yake, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi.

Tukaweka ile ndogo. Haikuchora samaki hata mmoja. Ilichora mstari wa chini, na juu ya mstari kitu kimesimama kama mwiba, na pembeni namba ya kina. Mbaya wa sura, lakini ndivyo Mkwe alivyo! Nilifuata kitabu nikaondoa michoro ya samaki kwenye ile kubwa, nayo ikasema kweli. Tatizo, jua lilipopanda rangi zake zilipotea, na kabla ya saa sita ilikuwa imeikausha betri yake. Ile ya kijivu ilisomeka juani kama gazeti.

Kwa hiyo tulivua na ya kijivu. Tulivizunguka visiki, wavu ukatupwa penye uwazi, na ulipopandishwa baba mdogo aliupapasa wote kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka. Mzima. Perege hawakuwa wengi sana, sitakudanganya. Tulipopanda kurudi, ile kubwa tuliiacha dukani Mombo, bila mkwaruzo.

Nyumbani bibi alitupokea mlangoni, akachungulia ndoo.

"Na hawa wako ndani ya nini, Zuberi?"

"Kwa sasa ndoo, mama. Wanaelekea kwenye sufuria."

Basi mwanangu, ukitaka mashine kama hii na mfuko wako ni mwepesi, anza na maji yako kabla ya duka. Jua kina chake na kinachokutesa humo, usilipie macho ya bahari kuu kwa ajili ya bwawa. Itazame juani. Uliza inakunywa betri kiasi gani, na kama kidude chake kitafungika kwenye mbao za mtumbwi wako. Halafu ipitishe juu ya kisiki unachokijua. Ikikwambia kweli kwa unachokijua, ndipo uiamini kwa usichokijua. Na watu nao wapime hivyo hivyo.

Ukijua jambo, liseme, hata kama umeamkia mara tatu kutafuta ujasiri. Mungu akujalie wavu usiochanika na mdomo usiofungwa na aibu, na kila tenga utakalomimina, chini yake ukute matunda mazuri kama ya juu. Amina.