Mbung'o Watano Ukweni

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, imekuwa kama jino bovu, nimeshazoea kutafunia upande mwingine. Ningeendelea kunyamaza, ila juzi mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha pili, alikaa hapo nje anachora mbung'o kwenye daftari lake la baiolojia, kamchora mbawa zimetanuka kama za kipepeo, nami nikamwambia mbung'o akitua hakai hivyo, mbawa zake hulaliana, moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Akaniangalia. "Babu, kwani wewe uliishia darasa la ngapi?" Nikamwambia sikuishia darasa, niliishia kwenye kopo. Basi ikabidi nieleze, na kwa kuwa najua kufika kesho habari itakuwa imeshafika kisimani, heri niiseme mwenyewe.

Zamani hizo Mjerumani alishaondoka, Mwingereza yupo, na sisi watu wa Shinyanga kila kiangazi mtemi anatuita na mashoka tukafyeke pori, maana mbung'o akikosa kivuli hakai. Ng'ombe walikuwa wanakwisha. Anaanza kukonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, siku moja anakataa kuinuka. Kutaja mbung'o kwenye boma la mfugaji ilikuwa sawa na kupitisha kinga cha moto ndani ya nyumba ya nyasi (nayasema haya mapema ili msije mkacheka kabla ya wakati). Hata njiani, pale pori linapokwisha, palikuwa na kibanda, na ndani mtu wa serikali mwenye wavu wa mpini, kila anayepita anasimamishwa, anazungushwa, anakaguliwa mgongo asije akawa amebeba mbung'o. Wa kwetu aliitwa Salumu, mtu wa Tabora, mwenye maneno mengi.

Mimi niliingia shule nimeshaota ndevu. Ilikuwa shule ya nyasi, mwalimu mmoja tu, Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mpole, anayekohoa kabla ya kusema jambo la maana. Alitufundisha udongo, mawe, mvua inatoka wapi, halafu akaingia kwenye vyenye uhai na visivyo na uhai: chenye uhai kinakula, kinapumua, kinakua, kinazaa. Siku moja akaweka mezani vitu vitano vyeusi, vidogo kuliko kunde, akaniuliza mimi vina uhai au havina. Nikasema, "Kokoto hizo, Mwalimu." Darasa likacheka, na waliocheka wengine walikuwa hawajafika kiunoni kwangu.

Mwalimu akakohoa. "Huyo ni mbung'o, yumo ndani ya ganda. Jike hatagi mayai, anazaa buu mmoja, buu anajifukia kwenye udongo laini chini ya gogo, anageuka hivi, na mwezi ukipita anatoka mbung'o mzima. Akitoka hana ugonjwa bado, ugonjwa anaupata akishanyonya mnyama mgonjwa." Akavitia kwenye kopo la tumbaku lenye udongo, akafunga kitambaa juu, akachora alama ukutani kila siku, tukawa tunangoja. Alitaka tuwaone wanavyotoka. Alilitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka mvua.

Sasa, mimi nilikuwa nachumbia. Binti anaitwa Kabula, baba yake mtu wa ng'ombe wengi, na siku ya wazee kukutana kuzungumza ilikuwa Jumamosi. Kwa desturi yetu mchumba hasemi kitu siku hiyo. Anakaa pembeni, mshenga ndiye anayesema, na wangu alikuwa mjomba Shija. Mama wa binti ndiyo kabisa, yeye na mkwe hawatazamani, hawaitani, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hayo niliyajua tangu mdogo. Lakini Ijumaa jioni, wenzangu wametoka, nikaliona lile kopo dirishani, nikawaza, wazee wale wanasema shule ni uvivu, nikiwaonyesha hiki kitu watajua binti yao anakwenda kwa mtu mwenye akili, Jumapili nalirudisha, nani atajua. Ndiyo hivyo tu. Sikufikiria zaidi ya hapo, na nimechoka kujiuliza kwa nini.

Kitambaa nilikiona kitachanika mfukoni, nikakitoa, nikaweka kifuniko cha bati. Halafu nikakumbuka chenye uhai kinapumua, nikatoboa matundu kwa msumari. (Niliona fahari kwa hayo matundu. Nilijiona nimeelimika.) Usiku nikalalia koti, koti lenyewe jeusi la kuazima, kopo mfukoni, joto la mwili wangu likiwapikia wale wadudu kama mama anavyopikia wageni.

Asubuhi mimi na mjomba tukafika kibandani. Salumu akanizungusha, akanipigapiga mgongoni na wavu, akasema, "Bwana harusi msafi, pita." Nikapita.

Ukweni wazee wamekaa kwenye vigoda, pombe ipo, mjomba Shija anasema vizuri, taratibu, kila neno analiweka kama mtu anayepanga mayai. Mambo yalikuwa yanakwenda. Baba Kabula alikuwa hata ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Ndipo ndugu yake mmoja, mzee mwenye jicho moja, akauliza, "Na huyu anayekwenda shule na ndevu, huko wanamfundisha nini?"

Mjomba akajibu, "Wanamfundisha mambo ya ardhi na viumbe."

"Ardhi nimeikuta, viumbe nimewafuga. Kipi kipya?"

Wakacheka. Mjomba akanitupia jicho la kunyamaza, nililiona vizuri, siwezi kusema sikuliona. Nikasimama. Nikasema, "Baba zangu, nina kitu hapa, mniambie kina uhai au hakina," na nikafungua kopo.

Maganda matano yalikuwa matupu. Juu ya udongo mbung'o watatu wanatembea, mbawa zimelaliana, na wawili hawamo. Walishanirukia usoni wakati nafungua, mimi nikadhani ni nzi wa pombe.

Hakuna aliyepiga kelele, ndilo lililoniuma. Yule wa jicho moja aliinama, akatazama ndani ya kopo, akasema polepole, "Ametuletea mbung'o." Baba Kabula akaweka kibuyu chini. Wale watatu aliwaua mwenyewe kwa kidole gumba, mmoja mmoja, akaniuliza, "Walikuwa wangapi?"

"Watano, baba."

"Wawili wako wapi?"

Zizi lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nikaanza kusema, mbung'o aliyetoka leo hana ugonjwa, anaupata akinyonya mnyama mgonjwa, na mjomba Shija akanikatiza, "Mpwa wangu, nakuomba, kaa kimya kama ulivyotakiwa kukaa tangu asubuhi."

Basi wakatafuta. Boma zima, wazee, majirani, wake zao, kila ng'ombe anageuzwa tumboni, anainuliwa mkia. Mtu akatumwa kumwita Salumu na wavu wake, akaja ametoka jasho, akaniona. "Si nilikukagua mimi?"

"Ulinikagua mgongo."

"Kumbe ningekukagua kichwa," akasema, akaingia zizini. Mmoja akamnasa kwenye shingo ya ndama mweusi. Akabaki mmoja. Jua likageuka, pombe ikachacha, mimi nakimbia huku na huku nainua majani, nachungulia chini ya vigoda, kila ninapopita wanawake waliokaa upande wa jiko wanajifunika kanga mdomoni, nami nikadhani wananionea huruma.

Mama Kabula alikuwa miongoni mwao, amenipa kisogo kama inavyopasa. Nikasikia anasema na ukuta, "Kuna watu wanatafuta mbali." Nikapita. Niliporudi tena akasema na chungu, "Mwenye mzigo hauoni." Nikapita hata hapo, nikiwaza mama wa watu amechanganyikiwa na msiba niliomletea. Mwishowe akamwita binti yake, sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Kabula, mwambie Salumu amwambie mjomba wa yule mtu amwambie asimame. Mbung'o yuko mgongoni kwake tangu walipoanza."

Nikasimama. Salumu akanipiga wavu mara moja, katikati ya koti jeusi, maana mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Nilimbeba mchana kutwa kuzunguka boma lote, na mtu pekee aliyenionya ni yule asiyeruhusiwa hata kunitazama.

Baba Kabula hakunifukuza. Alisema, "Nitatazama ng'ombe wangu mpaka mvua zije na kwisha. Akianguka hata mmoja, usirudi. Na muda huo shule basi, utafyeka pori langu." Nikafyeka. Kila nikisikia ng'ombe anakohoa shoka linanitoka mkononi. Mvua zikaja, zikaisha, hakuanguka hata mmoja, nikapewa Kabula.

Kopo nililirudisha Jumapili ile ile, tupu. Mwalimu alitazama alama zake ukutani, akakohoa, nikangoja aseme, akauliza tu, "Walitoka saa ngapi?" Nikamwambia sijui, nilikuwa nimelala. Akachukua kitambaa, akafuta zile alama zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Sikumwambia kwamba sitarudi, lakini nadhani alijua.

Kabula aliishi nami mpaka kiangazi cha juzi. Maisha yote, nikianza kueleza jambo mbele za watu, alikuwa ananigusa mfuko wa koti, basi, nami nanyamaza. Sasa hakuna wa kunigusa, kwa hiyo naapa mwenyewe: pale alipotumwa mtu mwingine kunisemea, sitafungua mdomo, na kitu cha watu sitakitia mfukoni. Mjukuu wangu amefuta zile mbawa. Amezichora upya, zimelaliana vizuri.