Jina Alilompa Mdogo Wake

Salwa Ghariani hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwa na mfupa. Ramadhani ile mafuta yaliposhika moto nyumbani kwao mjini Sfax, mama yake alikuwa akikaanga briki za futari, zile zifananazo na sambusa. Emna, mdogo wake Salwa, alikuwa kasimama karibu kabisa na mama, na hakusogea. Hakupiga kelele, hakukimbia, hakuleta hata kitambaa. Salwa ndiye aliyetoka mbio sebuleni akauzima moto kwa blanketi, lakini mikono ya mama ilikwisha kuungua.

Siku ya Idi, mbele ya shangazi na binamu, Salwa akamwita mdogo wake Sanamu. Watu wakacheka. Jina likanata. Emna akavumilia, mwisho akatafuta kazi mji wa Gabès akahamia huko, na simu zake zikawa za mama peke yake.

Salwa alikuwa akitunza panya katika maabara ya chuo. Bosi wake, Profesa Besma, alikuwa akichunguza kipande cha ubongo ambacho kwa binadamu kina ukubwa wa lozi, mahali hofu inapopikwa. Asubuhi moja akamwita Salwa atazame. Mlio ambao panya alifundishwa kuuogopa ukalia, akakimbia huku na huku akitafuta upenyo. Profesa akapitisha mwanga kwenye uzi mwembamba wa kioo ulioingia kichwani mwa panya, ukaamsha chembe hai za aina moja tu. Panya akaganda pale pale, mguu mmoja juu.

"Mbona hakimbii tena?" Salwa akauliza.

"Chembe hizi zinagandisha, jirani zao zinakimbiza. Zinashindana. Zikishinda hizi, mnyama hana hiari."

Salwa akauliza kuhusu watu. Profesa akasema kwa watu wataalamu bado hawajaona kwa undani huo, lakini hata watu huganda, na si kwa kupenda.

Salwa akashika ukingo wa meza. Aliyakumbuka macho ya Emna mbele ya ule moto, yamemkodolea mama, yanaomba. Aliyaona siku ile. Na bado alimcheka.

Ijumaa akapanda gari kwenda Gabès. Emna akamfungulia, akamtilia chai. Salwa akaeleza yote, panya, mwanga na chembe, akiomba radhi huku analia.

Emna akamsikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia siku ile ile, dada, miguu ilinikataa. Ukasema niache visingizio. Leo umemwamini panya."

Salwa akainamisha kichwa. Angeweza kuvumilia matusi. Hilo lilimchoma zaidi.

"Nitakusamehe, taratibu," Emna akasema. "Lakini jina lile hukunipa faraghani."

Idi iliyofuata Emna akaja nyumbani, na Salwa akasimama mbele ya wale wale, akasema mdogo wake hakuwa mwoga, na kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu. Binamu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Shangazi wakatazama sahani zao. Emna hakumkumbatia. Alisogea kidogo tu kwenye kochi, na Salwa akakaa.