Risasi Yenye Kiuno na Wezi Wangu Mia Moja

Watu wapatao mia moja waliniibia mezani, mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nakunywa kahawa.

Halafu mimi niliyeibiwa ndiye niliyewaandikia kuwaomba radhi.

Kaa vizuri nikueleze, maana hata naibu sherifu, polisi wetu wa wilaya, alikuwamo.

Naitwa Arlen Tofte. Natengeneza mashine za kuvunia ngano huku Montana, na nikitoka kazini najifungia gereji. Huku kwetu kuna watu hawanunui risasi zilizo tayari. Wananunua ganda, baruti, kiwashio na kile kichwa cha shaba kinachoruka, kila kitu mbali mbali, halafu wanajijazia wenyewe nyumbani kwa mizani ndogo, miwani puani. Muulize mmoja wao kwa nini asinunue tu dukani, atakutazama kama umemtukania mama yake.

Mimi ni mmoja wao. Na mwaka ule nilibuni kichwa kipya.

Kina kiuno.

Sitanii. Katikati nimekibana kikawa chembamba, ili kisisuguane sana na mtutu. Nilikwenda kukijaribu shambani kwa shemeji, nikapiga tano, na matundu yote matano ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakahama.

Shida ilikuwa nyumbani.

Mke wangu, Marlys, anashona mablanketi ya viraka. Alikuwa amenunua cherehani moja kubwa, ndefu kama meza ya harusi, isiyoenea popote isipokuwa gereji. Kwa miezi minne ilikaa sebuleni. Tukitaka kutazama televisheni tunachungulia chini yake.

"Arlen," akaniambia siku moja, "hicho kidude chako kuna anayekitaka kweli, au ni wewe na ng'ombe?"

"Kila mtu atakitaka!"

"Basi niletee majina mia ya watakaokinunua. Kwa maandishi, na anwani. Mwisho wa Septemba. Ukikosa, mashine zako zinahamia banda la kuku na gereji ni yangu."

"Mia tu? Mama, umekwisha."

Tukapeana mikono. Kumbe nimeingia choo cha kike na wala sijui.

Nikaanza na jukwaa letu la mtandaoni, wanakokutana wajazaji wote. Nikaweka picha, nikauliza kwa adabu: "Ndugu zangu, nikivitengeneza hivi, nani atanunua? Andika jina."

Ndani ya siku tatu, majibu mia mbili na kumi na nne.

Nikafungua mbio mbio kwa furaha. Themanini walikuwa wanagombana wao kwa wao baruti ipi ni bora. Mmoja aliahidi kuchukua mia tano, ila nivitengeneze kwa kipimo cha bunduki ya babu yake, ambayo haijatengenezwa tena tangu babu akiwa na meno. Mwingine alinifundisha hesabu za upepo, kurasa mbili, wala sikumuuliza.

Na Verlin Haugdahl akaandika mstari mmoja: "Risasi yenye kiuno? Na sketi yake anashona nani, Marlys?"

Verlin ni mzee mstaafu wa ghala la ngano, jirani yangu nyumba ya tatu. Kwa wajazaji wa wilaya yetu yeye ndiye nabii. Akisema kitu hakifai, kimekwisha.

Utani wake ukapendwa na watu mia na arobaini.

Mimi nilipata majina mawili. Moja la mama yangu, Marlys akalifuta kwa sababu mama hana bunduki. Lingine likajitoa baada ya utani wa Verlin.

Tumaini likabaki moja: maonyesho ya bunduki ya wilaya, katikati ya Septemba. Nikakereza vichwa vya mfano, nikavitia kwenye mkebe; siku yenyewe nikahesabu mia tatu kwenye trei kubwa, pembeni nikaweka karatasi ya majina na kibao: GUSA, TAZAMA, SAINI. Marlys akaja kukaa nami, eti shahidi.

Watu walijaa, mwanangu! Wanakishika, wanakigeuza, wanakielekeza kwenye taa, mmoja akakinusa. Halafu wanacheka na kuondoka.

Verlin akaja na kundi lake.

"Arlen, huu ni ukichaa," akasema kwa sauti ili ukumbi mzima usikie.

"Saini basi, mzee wangu."

"Nisaini? Jina langu likionekana hapo, kanisani nitakaa na nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baada ya hapo nani angethubutu kushika kalamu? Mtu akiikaribia tu, anatazama kushoto na kulia, anajikohoza, anaondoka.

Jioni karatasi ilikuwa na jina moja. La marehemu, na aliyemwandika alikuwa anatania.

Nilichoka. Nilijua Marlys kichwani mwake anapanga cherehani ikae upande gani. Nikaanza kufungasha vitu, nikavuta trei.

Vimebaki vichwa kumi na kimoja.

"Marlys! Vilikuwa mia tatu!"

"Najua. Kila aliyecheka aliondoka mkono mfukoni."

"Na ulinyamaza?"

"Kibao chako kimesema gusa."

Nikaruka juu. "Basi wanakitaka! Wanakitaka mpaka wanaiba!"

"Majina, Arlen. Tulikubaliana majina. Wizi hauna anwani."

Nikarudi nyumbani nacheka na kulia kwa pamoja. Nikaingia gereji na vile kumi na kimoja, nikachukua kipimio, basi tu, kujifariji.

Nikapima cha kwanza. Nikapima cha pili. Nikavipima vyote kumi na kimoja.

Hebu nikwambie ugonjwa wetu sisi wajazaji: hatutupi kitu. Hata vichwa vilivyoharibika tunavitia kwenye mkebe wa kahawa na kuviweka rafuni, eti ipo siku vitafaa. Rafuni kwangu palikuwa na mikebe miwili ya kahawa inayofanana. Mmoja wa vizuri, mmoja wa vilivyoharibika.

Nilikuwa nimepeleka vilivyoharibika.

Vilikuwa vinene kupita kipimo, unene wa unywele tu. Lakini kwenye bunduki unywele huo si mchezo. Msukumo unapanda, na chuma kinaweza kupasuka mbele ya uso wa mtu. Vichwa mia mbili na themanini na tisa vilikuwa kwenye mifuko ya watu nisiowajua, na msimu wa kuwinda uko mlangoni.

Nikamweleza Marlys.

"Ukitangaza," akasema polepole, "hakuna atakayenunua kitu chako tena. Hata mimi najua hilo."

"Najua."

"Na gereji imekwenda."

"Chukua gereji. Sitaki mtu apofuke."

Akanivutia kiti kwenye kompyuta.

Niliandika hivi kwenye jukwaa letu: "Vichwa vilivyokuwa kwenye trei yangu ni vibovu na ni hatari. Kosa ni langu, naomba radhi. Sihitaji kujua vimefikaje mfukoni mwako. Nirudishie kwa posta, andika jina na anwani, na kama bado unavitaka, nitakutumia vilivyo vizuri, idadi ile ile."

Nikafunga kompyuta. Nikasubiri matusi.

Asubuhi ya pili mlango ukagongwa. Verlin, na mfuko wa karatasi.

"Sitaki maswali," akasema.

Nikachungulia ndani. Ishirini na viwili.

"Mzee! Ishirini na viwili?"

"Nilikuwa nazuia wengine wasiumie."

"Kabla sijatangaza?"

"Nilihisi!" Akakohoa. "Hivyo vizuri, unaongeza kidogo, au ni ishirini na viwili tu?"

Nikampa kalamu. Akaandika jina na anwani bila kunitazama usoni.

Baada ya hapo ikawa mafuriko. Bahasha kila siku, mpaka mwanamke wa posta akaanza kutuletea kwenye ndoo. Naibu sherifu alirudisha vinne kwa bahasha isiyo na nembo ya ofisi. Mchungaji wetu aliandika kurasa mbili za toba, na mwisho akaagiza hamsini. Yule wa bunduki ya babu yake alirudisha saba, na akauliza tena kuhusu bunduki ya babu yake.

Wote hao wanakitaka, tena kwa maandishi, na anwani!

Nikawa nahesabu kila siku mezani, Marlys akinisikiliza. Themanini. Tisini na moja. Tisini na sita. Sikuwa nimeandika tangazo kwa ajili ya majina, naapa, lakini ukishafika tisini na sita utaachaje kuhesabu?

Tarehe thelathini, posta ya mwisho ikaja mchana.

Tisini na tisa.

Nikatikisa ndoo. Nikaigeuza juu chini. Hakuna kitu.

"Basi," nikasema. "Kesho nahamia kwa kuku."

Marlys akainuka, akaenda jikoni, akarudi na bahasha. Haina stempu. Mwandiko nikaujua kabla sijaifungua.

"Marlys Tofte, nyumba hii hii. Kichwa kimoja. Nilikichukua asubuhi, kabla hawajafungua milango ya ukumbi. Sirudishi."

Nikaisoma tena kutoka mwanzo.

"Lakini wewe huna bunduki!"

"Sina. Nilikitaka tu, kwa sababu umekitengeneza wewe."

"Na gereji?"

"Majina si mia?" akasema, macho yake yamelowa, na akajifanya anapangusa miwani.

Jamani, nililia. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na saba, nimekumbatia ndoo ya posta.

Kesho yake nilisogeza mashine zangu ukutani na kuingiza cherehani gereji, upande wa dirisha. Sasa tunafanya kazi humo wawili, na mablanketi yake mengine yana chembe za shaba. Wateja hawalalamiki.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kujua watu wanataka nini, usiwaulize mbele ya wenzao, watakucheka. Waachie trei, geuka pembeni, halafu hesabu. Ila anza kuhesabu na aliyekaa karibu nawe, maana mimi mwizi wangu wa kwanza nilikuja naye kwenye gari moja, na ndiye niliyechelewa kumjua.