Tulivyoshangilia Mpakani Kabla Bunge Halijapiga Kura

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mama aliyecheza mbele ya ofisi ya forodha kule Kasumbalesa, upande wetu wa mpaka na Zambia, akishangilia ruhusa ambayo haikuwepo.

Nilisikia redioni kwamba serikali yetu imetia saini mkataba na Zambia, wachuuzi wadogo tuvuke na bidhaa bila ushuru, basi sikungoja hata habari iishe (nani ana subira akiwa na furaha?), nikakimbia sokoni Kamalondo, mtaani kwetu, kuwaambia wenzangu, maana mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama wauza vitenge, na walinichagua kwa sababu moja tu, kwamba nikisema jambo huwa kweli. Na kwetu jambo kubwa halishangiliwi kwa nguo za kila siku. Tukashona sare, kitenge kimoja mshono mmoja, tukakodi basi na wapiga tarumbeta, tukapakia mizigo, hao mpakani.

Tarumbeta zikalia, nikatangulia kukata kiuno (ndiyo, kwa umri huu), madereva wa malori wakashuka kutupiga picha. Ofisa wa forodha akasubiri wimbo uishe, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza.

“Maman, munashangilia nini?”

“Mukataba! Balisaini, nilisikia ku radio.”

“Njo, balisaini. Lakini badepite ku bunge habayapitisha sheria ya kuukubali. Mpaka bunge ipige kura, miye niko na sheria ya zamani tu. Mulipe, ao murudie.”

Tukarudi na mizigo yetu. Nilikaa mbele, sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa nikiwaza: kumbe wakubwa wanaweza kukubaliana na nchi nzima, lakini makubaliano hayo hayafiki kwenye furushi langu mpaka wale tuliowachagua wayatungie sheria. Na mimi, mwenyekiti mzima, sikujua.

Mama Kabedi, mkubwa wetu kwa umri, akaniita kutoka nyuma. “Presidante, depite wetu njo nani?”

Waziri aliyesaini tulimjua mpaka rangi ya tai yake. Mbunge wetu, hakuna aliyekumbuka hata jina (mimi nilikumbuka kofia aliyotugawia wakati wa kampeni, aibu tupu).

Nilidhani watanivua uenyekiti. Wakanipa kazi: “Utamutafuta weye. Umuulize sheria iko wapi.”

Jina nimeshalipata. Likizo ya bunge ikifika atakuja Kamalondo kutusalimu. Mgeni kwetu hupewa kwanza kiti na maji, lakini huyu, naapa, ataanza na swali letu.