Waya Katika Majani Mabichi

Silvana aliuogopa umeme tangu siku ulipoletwa, miaka ile baada ya vita vya Hitla. Mumewe, Zenon, alikuwa miongoni mwa waliosimika nguzo kuanzia kwenye maporomoko ya mto, ambako maji yalizungusha mashine, kukatiza malisho na mashamba ya ulezi, hadi kwenye kinu na nyumba ya mlowezi mwenye shamba, upande wa barabara ya Namanyere.

"Kwa kuwa safari ni ndefu, unasukumwa kwa nguvu nyingi," Zenon alimweleza. "Ukikaribia kinu ndipo unapunguzwa makali."

"Na huku katikati tunakopita sisi?"

Zenon alicheka tu.

Alasiri moja, baada ya dhoruba kubwa, Silvana alikuwa akirudisha ng'ombe wao wawili, mwanawe Cornelia yuko mgongoni. Majani yalikuwa yamelowa chapachapa. Ghafla ng'ombe aliyetangulia akatetemeka, akaanguka kama gunia. Wa pili akageuka, akatimua mbio. Silvana akapiga hatua kumwendea aliyeanguka, na nyayo zake zikachomwa kana kwamba amekanyaga siafu.

"Mama Cornelia! Simama hapo hapo!"

Alikuwa Zenon, juu ya mwinuko. Alikuwa akikagua nguzo baada ya upepo.

"Nguzo imelala! Waya umo majanini, umeme umeenea ardhini! Bana miguu, usiinue hata mmoja!"

"Baba Cornelia, nina mtoto!"

"Ninamwona! Nakwenda kufunga maji. Usiondoke mpaka nije mwenyewe!"

Akapotea mbio kuelekea mtoni.

Silvana akabaki peke yake na ng'ombe aliyekufa. Waya hakuuona, hilo ndilo lililomtisha zaidi. Huenda ulikuwa mbele yake, huenda nyuma. Cornelia akaamka, akalia akitaka ziwa, akirusharusha miguu. Silvana hakuthubutu kumzungusha mbele, asije akayumba. Akasali Salamu Maria, akakosea maneno, akaanza upya.

Kwa mbali kinu, kilichoendeshwa na umeme ule ule, kilikuwa kikiunguruma. Mara kikanyamaza.

Maji yamefungwa! Akalegeza goti, tayari kukimbia. Kisha akawaza: na kama ni Marselino, mwenye kusaga, amemaliza tu mahindi ya mtu? Akarudisha uzito wake polepole.

Kinu kikaunguruma tena.

Angekuwa amekwisha kupiga hatua. Miguu ikaanza kumtetemeka, akaikaza mpaka ikauma. Kiliponyamaza mara ya pili hakujaribu chochote. Alisimama tu, machozi yakimtiririka, mpaka Zenon alipotokea amejaa matope, akipasua majani moja kwa moja kumjia. Mkononi alishika mpini wa chuma wa lango la maji, aliouchomoa ili mtu mwingine asilifungue.

Akamkumbatia yeye na mtoto pamoja.

"Njia nzima niliogopa kugeuka nyuma," akasema. "Nilijua nitakukuta umelala."

Yule ng'ombe walimzika. Hakuna aliyethubutu kumla. Nguzo ikasimikwa upya, na Zenon akaendelea na kazi, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha. Silvana hakupita tena chini ya nyaya zile. Lakini kila upepo ulipovuma, Zenon alichukua koti lake akatoka kwenda kukagua, na Silvana hakuweza kutwanga wala kupika mpaka amwone akirudi kwa miguu yake.